Nyumba ya mama Isevya imekosa mnunuzi miezi minane: tuanze kutengeneza wapi?

Swali: Shikamoo mzee wangu. Mimi ni mwalimu, nafundisha Nzega. Baba yetu alikuwa mfanyakazi wa reli, akajenga nyumba Isevya, Tabora Mjini, mwaka 1979. Ina vyumba vinne, sebule, jiko, na vyumba viwili vya uani ambavyo vina mpangaji. Baba alitangulia, mama akafariki mwaka juzi. Tuko wanne, na tumekubaliana kuuza tugawane. Sasa ni miezi minane, madalali watatu wanaitangaza, watu watano wameingia kuiona na hakuna aliyerudi. Tumechanga milioni tano za kuitengeneza. Kaka yetu wa Dar es Salaam anataka tuweke dari ya jipsamu, vigae na madirisha ya alumini. Dada mkubwa anasema tuuze kama ilivyo. Mdogo wetu hataki chumba cha mama kiguswe kabisa. Tufanye nini? Nimekutumia picha.

Jibu: Marahaba mwanangu, na poleni sana. Nimesoma maelezo yako mara mbili, kisha nikakaa na zile picha kumi na moja jioni nzima. Mimi ni fundi ujenzi, lakini kwa miaka mingi sasa kazi inayonilisha hapa Tabora ni kufuatana na wanunuzi wanapokwenda kuangalia nyumba. Mtu ananilipa nimwambie nyumba ina nini kabla hajatoa fedha. Kwa hiyo nitakujibu nikiwa nimesimama upande wa yule anayekuja na hela mfukoni, kwa sababu huyo ndiye mnayemngoja.

Nikuambie kwanza ninachoamini kuhusu wale watu watano. Hawakuondoka kwa sababu nyumba yenu haina jipsamu. Isevya nzima ina nyumba za umri huo, na anayekuja Isevya anajua anakuja kununua nini. Waliondoka kwa sababu walishindwa kujua nyumba itawala kiasi gani baada ya kuinunua. Mtu akiona kasoro anayoielewa, anapunguza bei na mnaendelea kuongea. Akiona dalili asiyojua mwisho wake, anasema "nitakupigia", na hapigi. Hiyo milioni tano yenu kazi yake ni kuziondoa dalili hizo, moja baada ya nyingine. Ikibaki senti ndipo tuongee urembo.

Picha ya nne ndiyo iliyonishika, ile ya mlango wa kutokea uani. Ulipiga picha ya mlango, lakini angalia pembeni, kwenye fremu ya kushoto. Kuna kamstari ka udongo mwekundu, kembamba kama kalamu, kametoka sakafuni kakapanda hadi usawa wa kitasa. Hiyo ni njia ya mchwa. Mtu aliyezaliwa Tabora hahitaji mtaalamu wa kumwonesha. Anaiona akiwa bado anakuamkia, na kuanzia hapo kila unachomwambia anakisikia huku akiwaza kenchi za juu, zile mbao zinazobeba paa, zikoje.

Chukua bisibisi. Shika upande wa chuma, gonga fremu kwa mpini kuanzia chini kwenda juu, kila baada ya kiganja kimoja. Mbao nzima inajibu kwa mlio mkavu. Iliyoliwa inajibu kama boksi tupu. Fanya hivyo kwenye kila fremu ya nyumba, andika kwenye daftari zipi ni nzima na zipi zimeliwa. Niliwahi kumsindikiza mama mmoja kwenye nyumba ya Cheyo ambayo fremu zake zilikuwa zimepakwa rangi ya mafuta siku mbili tu kabla, zinang'aa. Alipokuwa anavua viatu aliegemea fremu ya mlango wa mbele kwa kidole gumba. Kidole kikazama mpaka mwisho wa kucha. Rangi ilikuwa ndiyo pekee iliyosimama pale, nyuma yake ilikuwa unga. Yule mama alivaa viatu vyake, akashukuru, tukatoka. Hatukufika hata jikoni. Mwenye nyumba alikuwa ametumia fedha yake kuficha, na fedha hiyo hiyo ingetosha fremu mpya mbili.

Mchwa wetu wa huku haishi kwenye mbao. Anaishi ardhini na anapanda kuja kula, akijijengea kile kinjia cha udongo ili jua na ukavu visimuue njiani. Ndiyo maana ukivunja kinjia anakijenga upya baada ya siku chache, na ndiyo maana oili chafu ambayo wengi tunapaka kwenye mbao haimalizi shida. Oili inabaki juu juu, mchwa anapita kati. Zaidi ya hapo inaacha harufu ya gereji ndani ya nyumba, na harufu hiyo mnunuzi mzoefu anajua inaficha nini. Dawa inawekwa kwenye udongo. Fundi achimbe mtaro mwembamba kuzunguka msingi, kina kama sentimita 30, amwage dawa iliyochanganywa kwa kipimo cha kibandiko, na udongo unaorudishwa nao unyeshewe. Ndani atoboe matundu madogo kwenye sakafu kando ya fremu zilizoliwa, amimine humo, kisha azibe kwa saruji. Mwambie akuoneshe chupa. Dawa yenye fipronili au imidaklopridi ni sawa kwa kazi hii, na kama kuna kisima uani aache nafasi ya kutosha, asimwage karibu nacho. Kuku na watoto wa mpangaji wasogezwe siku hiyo.

Halafu nenda kwenye picha ya kwanza, ya mbele ya nyumba. Naona maua ya mama chini ya madirisha. Udongo wa ile bustani umepanda juu ya msingi mpaka umegusa plasta ya ukuta. Hilo ni daraja la mchwa, na ni daraja la unyevu pia. Najua yalikuwa maua yake. Yahamishie kwenye vyungu au kando ya uzio, msiyatupe, lakini ukuta lazima uachwe wazi ili msingi uonekane pande zote. Kuni za mpangaji zilizoegemezwa ukutani, picha ya tisa, nazo ziondoke.

Fremu zilizoliwa zing'olewe ziwekwe mpya za mbao ngumu. Huku kwetu mninga na mkurungu bado vinapatikana kwa maseremala. Waulizeni risiti ya mzigo ili msije kununua mbao za njia za panya. Na kipande kimoja cha fremu iliyoliwa usikitupe. Kiweke stoo pamoja na risiti ya dawa. Mnunuzi akiuliza habari za mchwa, na wa Tabora atauliza, mwoneshe: hiki ndicho kilichotolewa, hii ndiyo dawa iliyowekwa, tarehe ni hii, na fundi ni huyu. Nimeona uso wa mtu ukilegea kwa kuoneshwa kipande cha mbao bovu kuliko kwa kuoneshwa sebule yenye vigae.

Sasa juu. Picha ya saba, silingibodi ya sebule ina madoa ya kahawia yenye duara ndani ya duara, kama pete. Kila duara ni mvua moja iliyoingia ikakauka. Kaka yako anataka jipsamu ifunike hayo. Mwanangu, jipsamu chini ya bati linalovuja haivuki mvua ya kwanza ya Novemba. Inachora ramani, kisha inalegea, kisha inaanguka. Panda darini saa sita mchana na tochi, tafuta mahali pa kukaa, halafu zima tochi. Macho yakizoea giza utaona matundu ya bati yakiwaka kama nyota. Mtu wa chini aweke alama kwa chaki kila unapomwelekeza. Mara nyingi bati lenyewe ni zima, ila misumari ya zamani imeota kutu, tundu limepanuka. Ing'olewe, iwekwe misumari ya bati yenye kofia na mpira, ipigwe kwenye mgongo wa bati na si kwenye bonde ambako maji yanapita. Bati lililokwisha libadilishwe lenyewe tu, geji 28 kama mfuko unaruhusu. Kisha ndipo ubadilishe mbao za silingi zilizochafuka na kupaka dari yote rangi moja nyeupe. Msipake kabla ya kuziba paa. Doa la maji linapenya rangi mpya, na linasema kwamba wenye nyumba walijua.

Ukiwa huko juu, nusa. Kwenye picha ya pili kuna mchirizi mweusi chini ya ubao wa ukingo wa paa, upande wa mwembe. Nadhani mna popo. Nyumba iliyokaa bila mtu inawavuta, na harufu ya kinyesi chao mtu haizoei, anaisikia mlangoni tu. Subirini magharibi watoke wote kwenda kula, zibeni tundu lao kwa wavu mgumu, na fanyeni hivyo katika miezi ambayo hawana watoto wachanga, maana mkiwafungia mama zao nje watoto watafia darini na mtakuwa na harufu mbaya zaidi. Kinyesi kilowanishwe kwanza kwa maji yenye sabuni, kisha kizolewe, na anayezoa avae barakoa. Vumbi lake kavu linaumiza mapafu.

Chini ya kuta za vyumba vya kaskazini plasta imechubuka hadi usawa wa goti, na kuna unga mweupe. Gusa, utabaki kwenye vidole. Hiyo ni chumvi iliyobebwa na maji yanayopanda kutoka ardhini. Nyumba nyingi za miaka ile zilijengwa bila karatasi ya kuzuia unyevu juu ya msingi. Huwezi kuiweka leo kwa fedha mliyonayo, lakini unaweza kumpunguzia ukuta maji ya kunywa. Bandueni plasta mbovu hadi mita moja kwenda juu, acheni ukuta ukauke wiki tatu au nne za kiangazi bila kuharakishwa, ndipo ipigwe plasta mpya ya saruji na mchanga uliooshwa. Nje, zungusheni sakafu ya zege upana wa sentimita 75, yenye mteremko wa kutupa maji mbali na nyumba. Wekeni gata upande ambao maji ya bati yanaangukia ukutani. Hizi ndizo kazi zisizopigwa picha na mtu, lakini ndizo zinazofanya rangi mtakayopaka Julai iwe bado ipo Machi.

Ufa ule wa kona ya dirisha, picha ya kumi, unanipa wasiwasi mdogo tu. Chora kwa penseli mwisho wake wa juu na wa chini, andika tarehe kando yake. Baada ya wiki sita, kama haujavuka alama, uzibwe. Ukivuka, niandikie kabla ya kuugusa.

Kuhusu vigae na alumini sitazunguka: hapana. Si kwamba ni vibaya. Kama mngekuwa mnahamia ningekuambia wekeni. Lakini mnunuzi wa Isevya ama ni familia itakayotaka kuchagua vigae vyake yenyewe, ama ni mtu wa kupangisha chumba kimoja kimoja, na huyo anahesabu vyumba, choo na maji. Hakuna kati yao atakayekurudishia fedha ya vigae mlivyochagua ninyi kwa simu kutoka Dar. Kuna mnunuzi wa tatu pia, anayetaka kiwanja tu, abomoe ajenge vyumba vya maduka. Kama nyumba yenu ingekuwa imeangalia barabara kubwa ningekuambia msitie hata shilingi kwenye kuta, fagieni tu mwoneshe mipaka. Kwa picha zako naona mko mtaa wa ndani, kwa hiyo nyumba yenyewe ndiyo mnayouza.

Rangi ndiyo mwisho. Chumba cha mita tatu na nusu kwa tatu na nusu kina kama mita za mraba 34 za ukuta ukitoa mlango na dirisha. Mikono miwili ya rangi ya maji itakula lita saba hivi. Vyumba vinne na sebule, ndoo mbili za lita 20 zitatosha, na fundi akikudai ya tatu muulize inapakwa wapi. Chukueni rangi moja nyumba nzima, nyeupe ya maziwa au krimu. Vyumba vyenu sasa kimoja ni kijani, kimoja waridi, kimoja buluu, na mtu anayepita humo anaona nyumba ndogo kuliko ilivyo. Chini, kimo cha mita moja na robo, pakeni rangi ya mafuta kama tulivyozoea, maana vumbi la Tabora la Agosti halina huruma na ukuta wa namna hiyo unafutika. Jikoni msipake juu ya masizi. Sugueni kwa sabuni ya unga na maji ya moto mpaka maji ya ndoo yatoke meupe, la sivyo weusi utarudi ndani ya mwezi.

Choo cha uani kisafishwe, kama shimo limejaa liitwe gari la kunyonya kabla na si baada ya mnunuzi kuuliza. Bomba litoe maji siku ya kuoneshwa. Tangu maji ya Ziwa Victoria yafike mjini kwetu watu wamebadilika, zamani walikuwa wanauliza kisima kina kina gani, leo wanafungua bomba kwanza. Kama mamlaka imewakatia kwa deni, lipeni mrudishiwe.

Sasa tuje kwenye kitu ambacho hukuniandikia hata neno moja, nami ndicho kilichoninyima usingizi kuliko mchwa. Karatasi.

Nyumba ni ya nani leo, kwenye karatasi? Kama bado ina jina la baba, hakuna kati yenu wanne anayeweza kuiuza, hata mkiwa mmekubaliana vipi. Lazima kuwe na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kama mlifungua Mahakama ya Mwanzo, karatasi yake ni Fomu Na. IV, na mnunuzi mwenye akili ataiulizia hiyo kwa namba. Baada ya kuteuliwa, msimamizi anatakiwa kupeleka mahakamani orodha ya mali ndani ya miezi minne. Kisha ofisi ya ardhi iandike jina la msimamizi mahali pa jina la marehemu, ndipo aweze kuhamisha kwa mnunuzi. Na kwa kuwa baba alifariki kwanza, kisha mama, muulizeni wakili kama mirathi ya mama nayo inahitaji kufunguliwa, kwa sababu naye alikuwa na haki yake ndani ya nyumba ile. Msiuze kwa muhtasari wa kikao cha ukoo peke yake. Muhtasari unasaidia kupata msimamizi. Hauhamishi nyumba.

Toeni hati kwenye sanduku muisome, si kuiangalia. Wengi wanadhani wana hati, kumbe kilichopo ni barua ya toleo, ile inayotangulia hati. Na kama ni hati kweli, tafuteni imetolewa kwa miaka mingapi. Hati zetu ni za miaka 33, 66 au 99. Baba alijenga 1979. Hati ya miaka 33 iliyoanza mwaka huo ilikwisha 2012, na inawezekana mmekaa miaka yote hii mkiamini mko salama. Ikiwa hivyo msiogope, inaombwa upya, lakini inachukua muda, na haiombwi siku ambayo mnunuzi ameshika fedha mkononi. Nendeni ofisi ya ardhi ya mkoa mkafanye upekuzi wenu wenyewe, ili mjue mnunuzi atakuta nini akienda yeye. Lipeni pango la ardhi, lote la nyuma. Kodi ya majengo siku hizi inakatwa kwenye luku, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, kwa hiyo hiyo si tatizo mradi umeme umekuwa ukinunuliwa. Nyumba ikikaa gizani miezi mingi, ukija kununua luku utakuta deni linakungoja.

Tafuteni bikoni zote nne, yale mawe ya mipaka ya kiwanja. Nimewahi kutumia asubuhi nzima na jembe kutafuta moja, tukaikuta chini ya banda la kuku la jirani, na jirani hakuwa na habari. Ilikuwa nafuu kubwa kuikuta siku ile tukiwa tunacheka naye, kuliko kuikuta mbele ya mnunuzi. Zikipatikana zipakeni chokaa, na mwiteni jirani wa kila upande azione.

Mnunuzi wa mshahara, na kwetu ni wengi, walimu, wauguzi wa hospitali ya Kitete, askari wa kambi ya Milambo, watu wa reli, mara nyingi ananunua kwa mkopo. Benki haiangalii rangi kabisa. Inaangalia hati, na inatuma mthamini aliyesajiliwa. Mkiwa na karatasi zimekamilika mnafungua mlango kwa watu hawa. Zisipokamilika mnabaki na wanaolipa taslimu, na hao wanajua kwamba hamna wengine.

Katika milioni tano, laki saba zisiguswe na fundi yeyote. Ni za mambo haya. Zilizobaki zianzie mchwa na fremu, kisha paa, kisha chini ya kuta, kisha rangi, kwa mpangilio huo huo. Zikikatikia njiani, bora zikatikie kwenye rangi. Risiti zote za EFD zitunzwe kwenye bahasha moja. Kodi ya mauzo ya nyumba ni asilimia 10 ya faida, na gharama za kuboresha zenye ushahidi zinapunguza hiyo faida. Bila cheti cha TRA jina halihamishwi, kwa hiyo hesabu hiyo ifanyeni mapema, msigawane fedha ambayo bado si yenu.

Madalali watatu, mwanangu, ndio sababu nyingine ya ukimya. Mnawapa bei moja, kila mmoja anaweka cha juu chake. Mnunuzi anasikia nyumba ile ile kwa bei tatu, na Tabora si kubwa kiasi hicho, atazisikia zote tatu ndani ya wiki. Anajiuliza ipi ni ya kweli, na anaanza kuhisi kuna ugomvi wa ndugu nyuma ya pazia. Waiteni wote watatu, waambieni asante kwa heshima, mbaki na mmoja. Muandikiane malipo yake, na muandike kwamba hakuna cha juu. Mpeni picha mpya zilizopigwa saa tatu asubuhi madirisha yakiwa wazi, mpigaji amesimama kwenye kona ya chumba. Bei mpangiwe na mthamini, au muulize nyumba zilizouzwa kweli mtaani kwenu ziliuzwa kiasi gani. Zile zinazotangazwa msizihesabu, kutangaza hakulipiwi.

Mpangaji mwambieni ukweli leo. Mnyooshee hesabu zake, mkubaliane kwa maandishi atakaa mpaka lini. Mpangaji aliyefichwa jambo ndiye anayemnong'oneza mnunuzi langoni. Aliyeheshimiwa ndiye anayefagia uwanja bila kuombwa.

Muda wenu ni mzuri mkianza sasa. Kazi za ukuta zinataka kiangazi. Na masoko ya tumbaku yakishafunguliwa, wakulima wa Urambo, Kaliua na Sikonge wakilipwa, ndipo watu wengi wanakuja mjini kutafuta nyumba ya watoto wa shule. Mkiweza kuwa tayari kabla fedha hizo hazijaisha, mtauza kwa watu wanaolinganisha nyumba, si kwa watu wanaobahatisha. Na mwembe wa uani msiukate, hata fundi akisema majani yanaziba gata. Punguzeni matawi yanayogusa bati tu. Anayekuja kuona nyumba mwezi wa kumi, jua la Tabora likiwa kichwani, atasimama chini ya ule mwembe dakika kumi kabla hajaingia ndani, na hizo ni dakika kumi mnazozihitaji.

Nimebakiza mdogo wenu na chumba cha mama. Nimeona picha ya kumi na moja: kitanda kimetandikwa, kanga zimekunjwa juu ya sanduku, miwani iko dirishani. Mnunuzi akifungua mlango ule anashusha sauti, anarudi nyuma, anajiona ameingia msibani bila kualikwa. Ataharakisha kutoka ndani ya nyumba nzima. Kwa hiyo chumba lazima kifunguliwe. Lakini kisifunguliwe na fundi mwenye ndoo ya rangi. Panga Jumamosi moja kabla kazi yoyote haijaanza, mje wote wanne, kaka wa Dar apande treni. Mdogo wenu ndiye aingie wa kwanza, achague cha kwake kabla ya mtu yeyote. Kanga mgawane. Sanduku aende nalo anayetaka. Fremu ya mlango wa chumba hicho igongwe na yeye mwenyewe, kwa bisibisi, kama nilivyoeleza hapo juu, na aandike kwenye daftari kama ni nzima.